Sura ya Saba: Stelingi Amezeeka

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini. Mwalimu mmoja mstaafu aliniuliza tukiwa ndani ya basi, baada ya kugeuka kwanza kuona nani amekaa nyuma yetu. Mama muuza vitambaa mjini Morogoro aliniuliza huku akikunja khanga, macho yakiwa kwenye khanga. Kila mtu ana maneno yake, lakini swali ni moja: kwa nini napenda picha ambayo mimi mwenyewe najua ni mbovu? Hadithi haina kichwa wala miguu. Moto wa mlipuko unaonekana kabisa kwamba umechorwa na kompyuta. Stelingi ni babu wa miaka sitini na kitu, anapiga vijana kumi na kofia haidondoki. Lakini ikishaanza, siinuki mpaka iishe.

Hali hii naiita raha ya kujificha, yaani ile raha unayoipata kwenye kitu ambacho ungeona haya kukutwa nacho. Wengine wanayo kwenye nyimbo, wengine kwenye magazeti ya udaku. Sura hii inahusu aina moja tu, picha za mapigano za gharama ndogo ambazo stelingi wake amezeeka. Nitaisimulia kutokea Kinole, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kutazama.

Banda letu

Kinole iko kwenye miteremko ya Uluguru, Morogoro Vijijini. Barabara itokayo Bigwa kwenda Kisaki hupita Kiroka na Mkuyuni, na Kinole iko juu, ndani ya migomba, michungwa, mifenesi, mikarafuu, na pilipili manga iliyoparamia miti mingine. Upande huu wa mlima mvua ni nyingi, na hilo lina uzito katika hadithi yetu, kwa sababu banda la video lilikuwa limeezekwa kwa bati. Mvua ikikolea, husikii bunduki wala muziki. Unabaki na watu wanaokimbia na midomo inayofunguka.

Banda la namna hiyo siku hizi linaitwa kibanda umiza, na aliyewahi kukaa humo dakika tisini anajua kinachoumia. Benchi ni ubao mwembamba, magoti ya aliye nyuma yako mgongoni mwako, na hewa ni ya watu waliotoka shamba moja kwa moja. Mbele kuna televisheni na deki, ile mashine ya kuchezeshea kanda. Nje linanguruma jenereta. Mwenye banda alilisikiliza jenereta kuliko alivyotazama picha, maana faida yake yote ilikuwa ndani ya dumu la mafuta.

Wasichana hawakuingia. Hapakuwa na tangazo mlangoni; ilijulikana tu, na msichana ambaye angeonekana pale angesemwa wiki nzima. Naliona kosa hilo kuwa kubwa kuliko ubovu wa picha zenyewe. Dada zangu watatu walilitatua kwa kunipa kazi: nikirudi, nisimulie. Kwa hiyo nilikuwa natazama kwa ajili ya watu wanne, nikikariri nani alimpiga nani na kwa sababu gani. Pale ambapo picha haikuwa na sababu, nilitunga mwenyewe njiani.

Kwa nini nyuso zile zile?

Neno stelingi limetoka kwenye maandishi ya Kiingereza yanayotangulia jina la mwigizaji mkuu mwanzoni mwa picha. Sisi tulilichukua likawa cheo. Stelingi ni yule asiyekufa. Wengine wote ni maadui, bosi wao, na msichana wa kuokolewa.

Wakati wa mastelingi ulikuwa mfupi. Mwaka 1985 peke yake ulileta Commando ya Arnold Schwarzenegger, picha ya pili ya Rambo ya Sylvester Stallone, na American Ninja ya Michael Dudikoff. Mwaka 1986 Chuck Norris akaja na The Delta Force. Mwaka 1988 ukaleta Bloodsport, iliyompandisha Jean-Claude Van Damme, kijana wa Kibelgiji aliyekuwa na miaka 27, na mwaka huo huo Bruce Willis akatembea pekupeku juu ya vioo katika Die Hard. Mwaka 1992 Steven Seagal akaikomboa meli ya kivita katika Under Siege. Chini ya miaka kumi, orodha ilikuwa imekamilika.

Miaka hiyo hiyo ndiyo deki za video zilikuwa zinaenea kwetu, baada ya milango ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994. Mtu wa Kinole hakuacha kutazama taarifa ya habari ili aende kumtazama Norris. Alianza na Norris. Picha ya kwanza inayotembea ambayo wengi wetu tuliiona maishani ilikuwa ya mwanaume mwenye ndevu akitokea majini na bunduki.

Ndiyo maana majina yale yaliingia mpaka jikoni. Mfuko mwembamba wa plastiki wa kubebea nyanya uliitwa mfuko wa Rambo, na jina hilo lilidumu mpaka mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Juni 2019. Nimewahi kumsikia bibi asiyejua picha hata moja akimwambia mjukuu wake aitundike Rambo ukutani isilowe.

Picha hutengenezwaje kwa jina la mzee?

Miaka ikapita, mastelingi wakazeeka, watazamaji wa Marekani wakahamia kwa wengine. Lakini kazi haikuisha. Ilihama, ikaingia kwenye picha zinazokwenda moja kwa moja kwenye video, yaani zisizopita kwanza kwenye majumba ya sinema.

Ili uelewe biashara hii, fikiria mchuuzi anayepanda Kinole na kununua machungwa yakiwa bado mtini. Pesa anaitoa leo, chungwa halijaiva. Analipia sifa ya mti: mwaka jana ulizaa vizuri. Mtayarishaji wa picha, yaani mtu anayetafuta pesa na kusimamia kazi nzima, hufanya biashara inayofanana na hiyo. Anakwenda kwenye masoko ya filamu, kama lile la Cannes kule Ufaransa, akiwa na jina la stelingi na pengine bango lenye uso wake. Wasambazaji wa nchi mbalimbali, wale wanaonunua haki ya kuuza picha kwao, wanalipa au wanaahidi kulipa kabla kamera haijawashwa. Wananunua uso ambao watu wanaujua.

Kwa kuwa sehemu kubwa ya pesa inakwenda kwenye uso huo, mengine yote hubanwa. Stelingi analipwa kwa siku chache tu, basi sehemu zake zote hupigwa haraka na mengine hujazwa na watu wengine. Kazi huhamishiwa Romania au Bulgaria, ambako kuna studio nzuri na mafundi hodari wa gharama nafuu. Under Siege iligharimu dola milioni 35 hivi, ikaingiza zaidi ya milioni 150 duniani. Miaka kumi na nne baadaye Seagal yule yule alikuwa Romania akitengeneza Shadow Man, na Flight of Fury ya mwaka 2007 nayo ilipigwa huko huko.

Mtazamaji mzoefu wa banda anazijua dalili bila kufundishwa:

- Kwenye kava, yaani karatasi ya nje ya kanda au diski, uso wa mzee umejaa. Ndani ya picha unamwona mwanzo, kidogo katikati, na mwisho.
- Anaongea sana na simu akiwa amekaa.
- Akianza kupigana, unaona mkono, kisha mgongo, kisha adui ameshaanguka. Mgongo ule una nywele nyingi kuliko kichwa chake.
- Mji unaambiwa ni wa Marekani, lakini majengo, magari na baridi yake ni ya Ulaya Mashariki.
- Sauti yake inabadilika ghafla. Katika Attack Force ya mwaka 2006 Seagal anafungua mdomo na kuna sehemu anatoka mtu mwingine kabisa.

Sisi tuliziona dalili zote hizo. Tulizicheka, kisha tukaendelea kutazama. Anayedhani mtu wa kijijini anadanganywa na picha kama hizi hajawahi kukaa kwenye banda akasikia jinsi watu wanavyozichambua kwa sauti.

Diski yenye umri wote

Kanda zilipoondoka, zikaja diski za bei ya chini zilizobanwa picha nyingi pamoja, kumi na tano, ishirini, wakati mwingine zaidi. Nyingi zilipangwa kwa stelingi. Ulinunua Van Damme mzima au Seagal mzima. Zilikuwa za wizi, hilo sitalificha. Hakuna senti ya kiingilio cha Kinole iliyomfikia aliyeitengeneza picha. Lakini zilitufanyia jambo ambalo sijaliona likiandikwa.

Kwenye diski ile picha hazikufuata miaka. Stelingi wa miaka 30, mwili kama mpingo, alifuatiwa na stelingi wa miaka 55 mwenye kitambi ndani ya koti jeusi, kisha ukarudi ujanani. Mtazamaji wa Marekani alimwona mtu yule akipanda na kushuka mwaka hadi mwaka, akasema ameisha. Sisi tulimpata wote kwa pamoja, jinsi unavyompata mzee wa ukoo: leo yuko mbele yako na mkongojo, na jioni hiyo hiyo unasimuliwa alivyoua nguruwe pori kwa rungu. Hakuna aliyetuambia kwamba picha hii ni ya enzi na hii ni ya mabaki.

*Kwa kifupi: picha hizi huuzwa kwa uso unaojulikana, hutengenezwa haraka na mbali, na kwetu zilifika zikiwa zimechanganyika na zile nzuri. Ubovu tuliuona. Kushuka kwa stelingi ndiko hatukukuona.*

Mwenye sauti

Bado sijajibu kwa nini picha mbovu inaweza kuwa tamu, na hapa lazima nimtaje mtu ambaye jina lake haliko kwenye kava la Romania. Mtafsiri. Kwetu mtafsiri wa picha ni yule anayezungumza juu ya picha nzima kwa Kiswahili, peke yake, akiwa mwanaume, mwanamke, mtoto na helikopta. Aliyejulikana kuliko wote Tanzania ni Lufufu, jina la kazi la Derek Gaspar Mukandala. Kenya wana DJ Afro. Uganda wanawaita vijei, na VJ Jingo ni miongoni mwa wanaotajwa kwanza.

Mtafsiri hafungwi na yaliyosemwa. Anaeleza, anaonya, anamcheka adui, anampa mhusika jina la mtaani. Picha iliyojaa maneno mazuri humbana, kwa sababu kila akitaka kuongeza chake, picha yenyewe inaongea. Picha ya gharama ndogo, yenye mzee anayetembea kimya kwenye korido kwa dakika nzima kwa sababu hapakuwa na pesa ya kufanya jambo jingine, inamwachia uwanja. Nakumbuka korido kama hiyo. Mtafsiri, ambaye sikupata kumjua jina, alivuta pumzi akasema: mzee alikuwa ameshastaafu, ana kuku wake, ana shamba lake, sasa hawa watoto wamemfuata wanataka nini? Banda zima likajibu. Mpaka leo siikumbuki picha ile inaitwaje, lakini kuku wale nawakumbuka.

Waganda walikwenda mbele zaidi. Mwaka 2010, mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex?, picha ya mapigano inayosemwa kugharimu chini ya dola 200. Ile inayotazamwa leo duniani kote ina sauti ya VJ Emmie ndani yake, akishangilia na kutania tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu wa mbali ambaye hajawahi kuona banda anapata kuonja lilivyokuwa.

Goti la Van Damme

Mjomba wangu hakuwa mtu wa banda. Alikuwa mkulima wa ndizi na pilipili manga, na kwake mambo yale yalikuwa ya watoto. Siku moja alikuja kunitafuta, akasimama mlangoni, picha ikamshika. Ilikuwa ya Van Damme wa uzeeni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Huyu goti linamuuma."

Nikatazama, sikuona kitu. Van Damme alikuwa anashuka ngazi na bastola mkononi.

"Angalia miguu," mjomba akasema. "Anatanguliza mmoja, wa pili anauleta hapo hapo pa kwanza. Ngazi kwa ngazi. Mimi ndivyo ninavyoshuka Mkuyuni na mkungu."

Nilikuwa nimetazama picha za mtu yule kwa miaka, na sikuwahi kuyaona magoti yake. Tangu siku hiyo siwezi kuacha kuyatazama. Nadhani jibu la swali letu limelala hapo. Katika picha ghali, uzee huondolewa: kuna taa za kutosha, kuna siku za kutosha za kurudia, kuna kompyuta ya kufuta makunyanzi. Katika picha ya gharama ndogo hakuna muda wa kuuficha. Pumzi inasikika. Shati limechaguliwa liwe pana. Mwigizaji anajifanya mwingine, lakini mwili wake unasema ukweli, na anayejua kuchoka anausoma ukweli huo kutoka benchi la nyuma.

Na kwa Waluguru, watu wa milima hii, kuna jambo la zaidi. Sisi ukoo unafuata upande wa mama, na kwa desturi mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada zake. Kijana akiingia matatani, anatafutwa mjomba, na mjomba hatafutwi kwa misuli yake. Cheo cha chifu wetu, Kingalu, ambacho kiti chake kiko Kinole, nacho kina mafundisho yake: kila anayekirithi huitwa Kingalu, na jina linaendelea kusimama hata watu wakipokezana. Kwa watu waliolelewa hivyo, mzee anayeinuka kwenye kiti chake kwenda kuwatoa vijana wa ukoo mikononi mwa majambazi si kichekesho. Mwaka 2008 Liam Neeson alipotoka katika Taken, baba wa miaka 55 anayemtafuta binti yake aliyetekwa Paris, watayarishaji walishangaa kwamba mtu wa umri huo anaweza kuvuta watazamaji hivyo, wakaanza kumtafutia kila mzee bunduki. Sidhani kama Kinole kuna aliyeshangaa.

Van Damme mwenyewe aliwahi kulisema jambo hili waziwazi. Katika JCVD, picha ya mwaka huo huo wa 2008, anaigiza kama yeye mwenyewe, stelingi aliyechoka na kufilisika anayejikuta ndani ya wizi wa posta huko Ubelgiji. Katikati ya picha anainuliwa juu ya mapambo ya studio na kuongea na kamera kwa dakika kadhaa, machozi yakimtoka, juu ya maisha yake. Mapigano ni machache, kwa hiyo mabanda hayakuwa na haja nayo. Niliiona nikiwa mtu mzima, peke yangu, nikafikiria ngazi zile.

Mahali ambapo aibu ni ya kweli

Nimetetea raha hii na sirudi nyuma. Ila kuna mahali nimesimama.

Kati ya mwaka 2019 na 2022 Bruce Willis alitoka kwenye picha nyingi kuliko mwigizaji wa hadhi yake anavyotarajiwa kutoka, nyingi zikiwa za gharama ndogo, na kazi yake katika kila moja mara nyingi ilikuwa ya siku mbili hivi. Watu walimcheka. Razzie, zile tuzo za Marekani zinazotolewa kwa kazi mbovu za mwaka, zilimtengea kundi lake peke yake kwa picha nane za mwaka 2021. Kisha, Machi 2022, familia yake ikatangaza kwamba ana ugonjwa unaoharibu uwezo wa kutumia lugha na kwamba anaacha kazi. Siku iliyofuata tuzo ile ikafutwa. Februari 2023 familia ikaeleza kwamba ni ugonjwa wa akili kudhoofika unaoanzia sehemu za mbele na za pembeni za ubongo.

Nilikuwa nimetazama nyingi kati ya picha zile. Nilikuwa nimecheka, kama nilivyocheka kwenye banda, jinsi anavyoangalia pembeni na jinsi maneno yake yanavyokatika. Mjomba wangu angeona. Aliliona goti kutoka mlangoni. Mimi, mwenye miaka yote ya mazoezi, niliona uvivu pale ambapo palikuwa na mtu anayepotelewa na maneno, na bado uso wake uliendelea kuuzwa kama machungwa ya mtini. Anayetaka kuona haya kwa ajili ya picha hizi aone haya kwa hilo. Mama wa vitambaa na mwalimu wa kwenye basi hawana deni.

Mafuta yalipokwisha

Jioni ile ya goti la Van Damme mjomba hakuondoka. Alipata nafasi ukingoni mwa benchi, akakaa na panga lake kati ya miguu. Zilibaki kama dakika kumi. Van Damme alikuwa juu ya ghorofa, bosi wa maadui amemshika msichana, na helikopta inakuja, au tuseme kivuli cha helikopta, maana yenyewe haikuonekana. Jenereta likakohoa mara mbili, likazima.

Hakuna aliyedai kiingilio chake. Watu waliinuka gizani wakipapasa viatu, wakatoka kwenye manyunyu, wakaanza kushuka makundi makundi, kila kundi likimalizia picha kwa namna yake. Waliokuwa mbele yetu walimrusha Van Damme kutoka ghorofani mpaka kwenye lori la magodoro. Wa nyuma walimpandisha kwenye helikopta.

Tulipofika nyumbani dada zangu walikuwa wameketi jikoni wakinisubiri. Nikaanza kusimulia, na nilipofika pale jenereta lilipozima, mjomba akanyoosha mkono ninyamaze, akaendelea yeye. Aliwamaliza maadui haraka, kama mtu asiyependezwa nao. Akamfungua msichana kamba. Kisha akamtoa stelingi wake mlango wa nyuma na kumshusha ghorofa zote kwa ngazi, mguu mmoja, wa pili hapo hapo, mkono ukutani, na alitumia muda mrefu kwenye zile ngazi kuliko kwenye vita yote, na dada zangu hawakutaka aharakishe.